Jimbo la Kaskazini na moto wa Engare Nanyuki

Novemba 2026 inatimia miaka 75 tangu Wameru wa Engare Nanyuki wafukuzwe na nyumba zao kuchomwa moto. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa serikali ya Jimbo la Kaskazini, jimbo ambalo vijana wengi wa Arusha leo hawalijui hata kwa jina.

Waingereza waliliunda mwaka 1926, makao makuu yakiwa Arusha, likikusanya Kilimanjaro, Meru, Mbulu na nchi ya Wamasai. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwagawia walowezi mashamba kuuzunguka Mlima Meru, wenyeji wakabanwa juu, malisho ya chini yakawa mbali nao.

Kirilo Japhet, Mmeru, na wakili wake Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, waliandika kitabu juu ya kesi ya ardhi ya Wameru mwaka 1967, nami nawafuata wao. Wanamnyooshea kidole Jaji Mark Wilson. Tume yake, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitaka mashamba ya Wazungu yaungane kuwa eneo moja. Kwa hiyo Wameru wa Engare Nanyuki, waliokuwa ndani ya eneo hilo, wahame, waende mahali paitwapo Kingori. Wakaikataa Kingori, wakaikataa na fidia. Novemba 1951 polisi wakaja. Watu wapatao 3,000 wakatolewa, mifugo ikaswagwa, moto ukawashwa.

Hawakushika silaha. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo akafika New York kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere! Shauri likapanda hadi Baraza Kuu. Azimio la kuwatetea Wameru likapata kura nyingi, ila si theluthi mbili zilizotakiwa. Kirilo aliporudi alizunguka nchi akisimulia yaliyompata, na baadaye akaingia TANU. Safari ya Nyerere ya 1955 tunaikumbuka vizuri. Hii ya Kirilo, kwa maoni yangu, haijapewa haki yake.

Baada ya uhuru jimbo likagawanywa, Kilimanjaro kivyake na Arusha kivyake. Manyara ikamegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Leo magari ya watalii yaendayo hifadhini Momella hupita jirani na mashamba yale yale. Madereva wanajua twiga wanakopenda kusimama. Wangewatajia wageni wao na Kirilo, wasingechelewa getini.