Dumuzi na Mizani: Historia ya Kupima Mahindi Yanayopotea

Mwaka 1975, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotaka chakula kinachopotea baada ya mavuno katika nchi zinazoendelea kipunguzwe kwa angalau nusu kufikia mwaka 1985. Nilipolisoma mara ya kwanza nilijiuliza: nusu ya nini? Azimio halikutaja kiasi cha kuanzia. Katika insha hii ninafuatilia swali hilo kupitia zao moja, mahindi, na mdudu mmoja ambaye kwetu Masindi, nchini Uganda, hahitaji kutambulishwa.

Kitabu cha mwongozo wa kupima upotevu wa nafaka, kilichohaririwa na Harris na Lindblad, kilitoka mwaka 1978, yaani miaka mitatu baada ya lengo kutangazwa. Njia mojawapo iliyomo ni rahisi. Unachota punje ghalani, unatenga nzima na zilizotobolewa, unahesabu kila fungu, kisha unayapima uzito. Ukilinganisha uzito wa punje moja nzima na wa punje moja iliyotobolewa, unajua wadudu wamekula kiasi gani.

Njia hiyo ilipata kazi mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima wa Tabora, Tanzania, waliona mdudu mpya ghalani aliyegeuza mahindi kuwa vumbi. Walimwita dumuzi, na wengine Scania, jina la lori. Asili yake ni Amerika ya Kati. Fukusi wetu wa zamani hutoboa punje, lakini dumuzi hutoboa hata mbao za kihenge. Watafiti waliopima maghala ya wakulima huko waliandika mwaka 1983 kwamba baada ya miezi michache upotevu ulifika hadi asilimia 34. Lakini wastani wa maghala yaliyopimwa ulikuwa karibu asilimia 9. Takwimu zote mbili ni za kweli. Iliyosafiri zaidi ni ile ya 34, na siwalaumu sana walioibeba, kwa sababu anayeomba fedha za kupambana na janga hataanza na wastani.

Suluhisho lililotolewa lilibadilisha kazi ya nyumbani. Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, kwa hiyo wakulima walishauriwa wapukuchue kwanza, kisha wachanganye punje na dawa ya unga yenye sumu mbili, moja ya fukusi na nyingine ya dumuzi. Anayepukuchua ni nani? Kwetu ni kina mama na watoto. Saa zao hazikuingia katika hesabu ya gharama, na mimi nimezitumia utotoni hadi vidole vikachubuka. Mwaka 1997 dumuzi aliripotiwa Uganda. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Likizo iliyopita niliomba mizani ya maabara katika shule moja jirani nikapima mahindi ya bibi yangu. Katika punje 400, zilizotobolewa zilikuwa 72. Ukisema asilimia 18 imeharibika, husemi uongo. Lakini punje 328 nzima zilikuwa na gramu 115, na zile 72 gramu 18. Nilipofanya hesabu, uzito uliopotea ulikuwa karibu asilimia 5 tu. Nilipotaka kuandika hizo 72 kuwa zimepotea, Bibi alizichukua. "Mjukuu wangu, hizi ni za kuku," akasema, akazimwaga uani.

Tena nilipima Aprili, kihenge kikiwa karibu kwisha. Mahindi yaliyoliwa Septemba na Oktoba yalikuwa safi. Anayepima mwisho wa msimu na kuzidisha asilimia aliyoipata kwa mavuno yote anawapa dumuzi ugali ambao watu waliula zamani. Mfumo wa kukadiria upotevu wa nafaka Afrika ulioanza kazi mwaka 2009 ulijaribu kurekebisha kosa hilo kwa kuzingatia kiasi kinachotolewa ghalani mwezi hadi mwezi.

Mizani nayo ina upofu wake. Mwaka 2004, hasa huko Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mahindi yenye sumu hiyo yanaweza kuonekana mazima, na kwenye mizani yakahesabiwa kuwa chakula.

Mwaka 2011 FAO ilisema theluthi moja ya chakula duniani inapotea au kutupwa. Mwaka 2019 ikatoa asilimia 14. Msomaji wa haraka atadhani dunia imejirekebisha. Lakini hesabu ya pili inaishia kabla ya chakula kufika dukani. Ya kwanza ilifika hadi kwenye sahani. Katikati yake, mwaka 2014, viongozi wa Afrika waliahidi huko Malabo kupunguza upotevu baada ya mavuno kwa nusu kufikia 2025. Nusu tena.

Kuna hasara moja ambayo njia hizi zote haziioni. Tangu dumuzi aingie kijijini kwetu, Bibi huuza magunia mengi mwezi uleule wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa hofu tu. Ikifika Mei hununua unga kwa bei ya juu. Katika daftari langu, safu ya magunia yaliyouzwa inaonyesha upotevu sifuri, kwa sababu hakuna punje iliyotobolewa. Mwaka huu amenunua mifuko miwili ya tabaka tatu, ile inayofungwa hewa isiingie mpaka wadudu wafe ndani. Gunia la tatu ameliuza kama kawaida. Ameniambia nirudi na mizani Aprili, ila safari hii nisimwage kitu chini kabla hajakiona.