Taa ya Ndani ya Gari Haiwaki, au Haizimi? Kagua Haya Kabla Hujanunua Betri Mpya

Gari likishafika miaka 20 na kuendelea, taa ya ndani huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kugoma. Mlango unafunguliwa usiku, giza. Au kinyume chake: taa inawaka usiku kucha bila mtu kujua, asubuhi gari halistati.

Wengi hulipuuza tatizo hili kwa sababu gari linatembea tu. Hilo la kwanza ni kero, ila hili la pili linaua betri. Wapo wanaonunua betri mpya mara mbili kumbe mwizi wa umeme ni kataa kadogo ndani ya buti.

Hesabu yake ni rahisi. Balbu ya kawaida ya kwenye dari huwa ya wati 8 au 10. Kwa umeme wa volti 12, balbu ya wati 10 inakula karibu ampea 0.8 muda wote inapowaka. Betri ya 45Ah iliyojaa itakwisha kabisa kwa siku mbili na saa kadhaa. Lakini stata inashindwa mapema zaidi ya hapo, maana inahitaji umeme mwingi kwa mkupuo. Kwa betri iliyochoka, usiku mmoja unatosha.

Umeme wake unavyopita

Tuchukue Toyota Corolla za miaka ya 1990, zile AE100 na AE110 ambazo bado zipo tele barabarani. Umeme chanya unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME, unafika kwenye balbu muda wote, ufunguo uwepo au usiwepo. Kazi ya swichi ya mlango ni kuunganisha upande wa hasi na bodi ya gari. Mlango ukifungwa, unabonyeza swichi na taa inazima. Ukifunguliwa, swichi inaachia, inagusa bodi, taa inawaka.

Ukishaelewa hapo, nusu ya kazi imekwisha. Magari mengi ya Japani ya wakati ule yanafuata mtindo huo huo, ingawa si kila gari duniani, kwa hiyo kwa gari la aina nyingine ni vizuri kuhakikisha kwa testa kwanza.

Anza na kile kiswichi cha juu

Taa ya dari ina sehemu tatu: OFF, DOOR na ON. Kwanza angalia imekaa wapi, kwa sababu watoto hukichezea sana, na kuna watu wamelipa fundi kwa ajili ya kurudisha kiswichi kwenye DOOR tu.

Kisha isogezwe ON. Ikiwaka, basi fyuzi ni nzima, balbu ni nzima, na ugonjwa uko kwenye milango. Isipowaka, tatizo ni fyuzi, balbu au waya unaoleta umeme. Dalili nyingine ya kuangalia ni saa ya dashibodi na redio. Kwenye Toyota nyingi za zamani vitu hivyo vinatumia fyuzi hiyo hiyo ya DOME, kwa hiyo saa ikiwa imekufa na redio inasahau stesheni kila gari linapozimwa, usihangaike na balbu, nenda kwenye fyuzi.

Boksi la fyuzi huwa chini ya dashibodi upande wa dereva, na jingine kwenye injini. Kama mfuniko umepotea, au maandishi yake ni ya Kijapani, testa inatosha. Ufunguo ukiwa umetolewa, gusa vile vidoa viwili vya chuma juu ya kila fyuzi. Fyuzi nzima yenye umeme itawasha testa pande zote mbili. Inayowasha upande mmoja tu imeungua.

Fyuzi inabadilishwa kwa namba ile ile: ya ampea 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano. Kuweka waya au karatasi ya sigara badala yake ni hatari kweli. Fyuzi ipo ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua, na waya wa taa ya dari umepita ndani ya kitambaa cha paa. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna shoti mahali, na kuongeza ampea hakuiondoi.

Balbu na vishikio vyake

Kabla ya kufungua taa, chomoa fyuzi ya DOME. Bisibisi ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, fyuzi nzima itaungua bure. Funika ncha ya bisibisi bapa kwa kitambaa, ingiza pembeni ya plastiki na ubinue polepole, maana plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti.

Ndani mna balbu ya mrija yenye kofia ya chuma kila upande. Ikiwa nyeusi ndani au uzi umekatika, imekufa. Ikiwa inaonekana nzima, angalia vishikio. Mara nyingi vimelegea au vina kutu. Kuvikaza kidogo kwa ndani na kupitisha msasa laini kunamaliza shida. Anayeweka LED ajue kwamba nyingine zina chanya na hasi, hivyo isipowaka igeuzwe tu kabla ya kuirudisha dukani.

Swichi za milango

Hapa ndipo matatizo mengi yalipo. Ikiwa mlango mmoja tu ndio hauwashi taa, swichi ya mlango huo ndiyo mbaya. Ipo kwenye nguzo ya mlango, imeshikwa na skrubu moja, na skrubu hiyo hiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye bodi. Ikipata kutu, taa haiwaki hata kama swichi ni mpya.

Itoe, sugua skrubu, tundu lake na uso wa swichi kwa msasa, halafu rudisha. Kuna jambo moja tu la kukumbuka: shika waya, au uubane kwa tepu, kabla ya kuchomoa swichi. Ukitumbukia ndani ya nguzo, kuutoa ni kazi ya nusu siku. Kujaribu, gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma kitupu cha bodi. Taa ikiwaka, swichi ndiyo ya kubadilisha. Swichi za mitumba zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Nenda na ya zamani mkononi kama sampuli.

Taa isiyozima

Bonyeza kila swichi kwa kidole. Ile itakayozima taa ndiyo ambayo mlango wake hauifikii vizuri, labda mpira umechanika au bawaba zimelegea. Kama hakuna inayozima, shuku waya uliochubuka na kugusa bodi. Kwenye gari zenye mlango wa nyuma unaoinuka, kama Probox na Noah, kagua ule mpira wa nyaya karibu na bawaba. Nyaya zake hukunjwa kila siku na hukatika ndani ya ganda bila kuonekana kwa nje.

Taa ya buti haionekani buti likifungwa. Weka simu humo ikirekodi video, funga, subiri sekunde kumi, kisha itazame. Video ikionyesha mwanga badala ya giza, mwizi wa betri amepatikana.

Nyaya zenye ganda au kiunganishi cha njano zisiguswe wala kupimwa kwa testa. Hizo ni za eabegi, na kazi hiyo ni ya fundi umeme wa magari mwenye uzoefu nazo.