Kipoza prosesa cha tarakilishi: Jinsi ya kupata kilicho kitulivu katika joto la Kisumu

TARAKILISHI ya mezani inayonguruma kama kinu cha kusaga unga humwarifu mwenyewe jambo moja: feni ya prosesa inahangaika kuondoa joto na haifaulu. Mjini Kisumu na katika miji mingine ya ufuo wa Ziwa Victoria, kama vile Homa Bay na Mbita, sababu huwa karibu. Joto la mchana hufika nyuzi 30 za Selsiasi mara nyingi na huzidi hapo katika miezi ya Januari hadi Machi. Ndani ya chumba chenye paa la mabati lisilo na dari, hali huwa mbaya zaidi.

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, mhariri wa video za harusi au mtangazaji anayerekodi katika studio ndogo, hilo si suala la starehe tu. Prosesa nyingi za kisasa hujilinda kwa kupunguza kasi zinapokaribia nyuzi 95 au 100. Joto likizidi, mtambo hujizima na kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea. Nao mngurumo wa feni huingia katika kila sauti inayorekodiwa.

Kinga ni kuchagua kipoza kinachofaa. Hata hivyo, sifa zilizochapishwa kwenye boksi hazitoshi kumwongoza mnunuzi wa Kisumu.

Hesabu ya joto la chumba

Takriban umeme wote unaotumiwa na prosesa hugeuka kuwa joto. Prosesa ya wati 65 hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 60, ila joto hilo hutoka katika kipande kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Zipo zinazokula umeme zaidi: Intel Core i9-13900K, iliyotolewa mwaka wa 2022, imepangiwa wati 125 katika kazi ya kawaida na inaweza kufika wati 253 inaposukumwa.

Kazi ya kipoza ni kulihamisha joto hilo hadi kwenye hewa. Kwa sababu hiyo, kipoza cha feni hakiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Hewa ikipanda kwa nyuzi moja, prosesa nayo hupanda kwa karibu nyuzi moja.

Chukua mfano wa vipoza viwili. Cha kwanza ni kidogo na huruhusu prosesa kupanda kwa nyuzi 0.6 juu ya hewa kwa kila wati. Cha pili ni kikubwa na huruhusu nyuzi 0.3 pekee. Katika maabara ya Ulaya yenye nyuzi 21, hewa ndani ya kasha huweza kuwa nyuzi 26. Prosesa ya wati 65 itafika nyuzi 65 kwa kipoza cha kwanza na karibu 46 kwa cha pili. Vyote viwili vitasifiwa.

Sasa vihamishiwe katika chumba cha Kisumu chenye nyuzi 32, ambapo hewa ya ndani ya kasha ni nyuzi 37. Kipoza kidogo kitaifikisha prosesa hiyo nyuzi 76, na kikubwa karibu 57. Prosesa ikiwa ya wati 125, kipoza kikubwa kitaiweka kwenye nyuzi 75 hivi. Kile kidogo kingehitaji kuiacha ifike nyuzi 112, jambo lisiloruhusiwa. Prosesa itapunguza kasi yake kabla ya kufika huko, huku feni ikipiga kelele bure.

Lipo jambo jingine lisilosemwa sana. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Joto likiwa sawa, hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya asilimia 12. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu. Nairobi iko juu zaidi, lakini ubaridi wake hufidia. Kisumu ina joto na wepesi wa hewa kwa pamoja.

Funzo ni kwamba mkazi wa ufuoni anunue kipoza kilicho na uwezo unaozidi kwa mbali ule unaohitajiwa na prosesa yake. Ziada hiyo ndiyo inayonunua utulivu.

Aina za vipoza

Vipoza vya kawaida ni vya aina tatu. Ya kwanza ni kile kifupi ambacho huja pamoja na baadhi ya prosesa. Kinatosha kwa kuandika barua na kuvinjari intaneti, lakini mapezi yake ni machache na feni yake ndogo hulazimika kukimbia.

Ya pili ni kipoza cha mnara. Mirija ya shaba yenye kiasi kidogo cha kimiminika hugusa kitako cha kipoza. Kimiminika huvukiza, hubeba joto hadi kwenye mapezi mengi ya alumini, kisha hutonea na kurudi chini. Feni ya milimita 120 au 140 hupuliza kati ya mapezi hayo. Kwa watumiaji wengi wa Kisumu, hili ndilo chaguo bora.

Ya tatu ni kipoza cha maji. Kina uwezo mkubwa, lakini kina pampu yenye sauti yake na inayoweza kufa. Maji nayo hupozwa na hewa ile ile ya chumba, kwa hiyo hayana muujiza wowote. Mnara ukiharibika feni, feni mpya huchomekwa. Pampu ikifa, mara nyingi hununuliwa kipoza kizima.

Sauti ya feni

Feni kubwa inayozunguka polepole husukuma hewa sawa na ndogo inayokimbia, tena kwa sauti ya chini. Kasi ya feni ikipunguzwa kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, ilhali sikio huhisi pungufu ya desibeli 10 kama nusu ya sauti. Kwa sababu hiyo feni ya nyaya nne ni bora kuliko ya nyaya tatu, kwani bodi kuu huweza kuidhibiti vyema kulingana na joto.

Takwimu za desibeli za watengenezaji tofauti zisilinganishwe kwa haraka, kwa kuwa namna za kupima hutofautiana. Aidha, mnunuzi aulize kuhusu beringi. Feni yenye beringi duni huanza kimya, kisha hukwaruza baada ya muda.

Vipimo kabla ya kulipa

Mambo matatu hukaguliwa. Kwanza ni soketi: vishikizo vya AM5, LGA1200 na LGA1700 si kitu kimoja. Pili ni urefu, kwani minara mingi mikubwa hufika milimita 155 hadi 165, na kasha jembamba haliipokei. Tatu ni nafasi ya vipande vya kumbukumbu vilivyo kando ya prosesa.

Wanunuzi wa tarakilishi za mitumba kutoka ng'ambo wawe waangalifu zaidi. Mitambo mingi ya ofisini ina vishikizo na plagi za feni za kipekee, na mingine hukataa kuwaka vizuri isipoihisi feni yake ya asili. Katika mitambo hiyo, kusafisha kipoza kilichopo na kubadilisha pesti ya joto iliyokauka huleta nafuu kwa gharama ndogo.

Vumbi na wadudu wa ziwani

Wakazi wa Dunga na Usenge wanawajua wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, hasa karibu na kuandama kwa mwezi. Wadudu hao hufuata taa. Tarakilishi iliyo karibu na dirisha lenye mwanga jioni huwavuta ndani, nao hunasa pamoja na vumbi kati ya mapezi. Kipoza cha bei ghali kilichozibwa hivyo hushindwa na cha bei nafuu kilicho safi.

Wavu mwembamba dirishani na kichujio mbele ya kasha husaidia. Mtambo uzimwe, uchomolewe na upigwe brashi laini kila baada ya miezi miwili au mitatu, feni ikishikwa isizunguke. Kupuliza kwa mdomo huingiza unyevu.

Kukifunga na kukijaribu

Pesti ya joto iwe kiasi cha punje ya njegere, na utando wa plastiki ulio kwenye kitako cha kipoza ubanduliwe, wengi huusahau. Skrubu zikazwe kwa kupishana. Feni ielekezwe ipulize upande wa nyuma wa kasha, ambako hewa hutoka.

Jaribio la haki hufanywa saa nane mchana, si usiku. Mtambo upewe kazi nzito kwa nusu saa huku programu kama HWiNFO ikionyesha joto. Likitulia chini ya nyuzi 85, kuna nafasi ya kuingia katika ukurasa wa BIOS na kuipunguza kasi ya feni hatua kwa hatua, hadi mngurumo umezwe na sauti za kawaida za chumba. Likizidi hapo, mapezi na pesti vikaguliwe kabla ya kununua kingine. Kipoza kilichofaulu jaribio hilo mwezi wa Februari kitatulia mwaka mzima.