Santuri na Kadi: Hifadhi ya Muziki wa Katanga

Katika historia ya muziki wa Lubumbashi, jiji la Katanga, nchini Kongo, lililoitwa Elisabethville hadi 1966, wingi wa rekodi ulidai mpangilio mapema. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili, mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, pia katika Katanga, kwa utepe wa sumaku, ambao ni ukanda unaohifadhi sauti. Mwaka 1954 Tracey alianzisha nchini Afrika Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo santuri zake zaidi ya 200 ziliambatana na kadi zenye kutaja lugha, ala na mahali pa kurekodia. Hazina isiyoorodheshwa hupotea hata ikiwa imehifadhiwa.