Nondo Wawili na Suala la Istilahi

Neno nondo lina mizizi mirefu katika Kiswahili. Wafasiri wa Biblia ya Union, iliyotoka 1952, walilitumia kumtaja mdudu aharibuye mavazi. Fundi wa ujenzi naye hulitumia kwa chuma cha kuimarishia zege. Hapo hapana utata, maana muktadha hutosha. Utata huja pale sayansi inapowatenga wadudu ambao jicho haliwatengi.

Wapo nondo wa nguo ambao viwavi wao hujifumia kifuko cha hariri na nyuzi za sufu, wakakiburura kila waendako. Kiwavi akila sufu nyekundu, kifuko nacho huwa chekundu. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi alimpa mmoja wao jina la pellionella, kutokana na neno la Kilatini la mshona ngozi za manyoya. Mwaka 1917 Mwingereza Edward Meyrick, aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alimwita mwenziwe Tinea translucens, yaani apenyezaye nuru. Hata hivyo wawili hao waliendelea kuchanganywa hadi 1979, Gaden Robinson alipochapisha huko London uchunguzi wa kundi zima. Ilidhihirika kwamba rangi ya mabawa haitoshi. Hapana budi kuvitazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Translucens, aliye zaidi wa nchi za joto, mara nyingi alikuwa ameandikwa kwa jina la nduguye.

Jambo hili lina uzito kwetu. Tumfikirie mwalimu wa Gitting, penye miteremko ya Mlima Hanang, ambako kwa sababu ya baridi sweta na blanketi ni mali ya kutunzwa. Wengi wa wanafunzi wake huzungumza nyumbani Kiiraqw au Kidatoga, lugha zisizo za Kibantu, na sayansi huwafikia kwanza kwa Kiswahili. Tukiyafasiri majina hayo neno kwa neno, tutapata "nondo mshona ngozi" na "nondo mwangavu", nao watatafuta kwa macho tofauti isiyoonekana.

Kwa hiyo yafaa nondo libaki neno la wote. Nondo-kifuko litumike kwa wabebao kifuko. Na spishi hizi mbili zitajwe kwa majina yao ya Kilatini, bila kufasiriwa. Mtumishi anayeandika tangazo la kuanika na kukung'uta nguo atatosheka na nondo-kifuko, kwa kuwa dawa yao ni moja. Majina ya Kilatini atayahitaji yule mwenye hadubini.