Bugaluu, Kimini na Kasumba: Vijana na Maneno Yao

Wanahistoria wameandika mengi kuhusu Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU iliyotangazwa Oktoba 1968 na kuanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku vinajulikana: vimini, mawigi, dawa za kuchubua ngozi, suruali za kubana. Novemba 1969 ukafuata muziki wa soul katika Dar es Salaam. Wao wameisoma kampeni hiyo kama siasa. Mimi, ambaye riziki yangu ni maneno, naomba tuitazame kwa upande wa lugha, maana huko ndiko vijana walikoshinda.

Tuanze na neno la wakubwa. Kasumba asili yake ni masalio ya afyuni. Katika siasa ya ujamaa likamaanisha fikra za kikoloni zilizoganda kichwani. Kwa mantiki hiyo, msichana aliyevaa kimini hakuwa amechagua, alikuwa amelevywa. Hapo ndipo ninapotofautiana na kampeni ile. Desemba 1962, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba waliosoma walicheza rumba na twist ilhali hawakuijua gombe sugu wala lelemama. Masikitiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini kutoka hapo hadi kupima sketi ya binti wa watu barabarani ni mwendo mrefu, nao ulikwenda kwa miaka sita tu.

Gazeti linalokataza jambo hulazimika kulitaja. Neno la Kiingereza mini likavishwa ki-, likapata wingi wake, vimini, likakaa katika ngeli moja na kitabu na kikombe. Bugaluu ilisafiri mbali zaidi. Huko New York katika miaka ya 1960, boogaloo ilikuwa muziki na dansi ya vijana weusi na wa Kilatini. Kwetu ikawa suruali iliyopanuka miguuni.

Neno hilo nililisikia Irente, katika miaka ya 1970, kwa kaka zetu waliorudi likizo, kabla sijaiona suruali yenyewe. Na ukisimama ukingoni mwa genge la Irente unaiona Mazinde chini, na nyuma yake nyika ya Wamaasai. Wamaasai nao, miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1960, walikuwa wakishurutishwa kuvua lubega na kuvaa suruali. Suruali ikibana, uhuni, ikikosekana, ushamba!

Serikali yenyewe haikuwa mbali na magitaa. Nuta Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na kama Western Jazz na Saboso yao, ilikuwa na mtindo wake, Msondo. Chama kilibadilika kutoka NUTA kuwa JUWATA, kisha OTTU, na bendi ikabadili jina pamoja nacho. Jina lililobaki mpaka leo ni lile la mtindo.