Barua pepe wakati mtumishi yuko katika likizo: namna ya kuandaa jibu la kujituma



Masomo yakifungwa katika mwezi wa saba, watumishi wengi wa Kisangani huchukua likizo, au kama tunavyosema hapa kwetu, wanakwenda konje. Wengine hupanda balenyeri kwenda kuona jamaa Isangi au Basoko. Wengine hushika njia ya Ubundu, Opala au Bafwasende. Wengine huteremka mto mpaka Kinshasa, safari ya karibu kilomita 1,700. Katika safari hizo rezo hupotea kwa siku nyingi, lakini barua zinaendelea kufika: mshiriki anayeuliza ripoti kabla ya tarehe fulani, kijana anayeomba cheti cha ubatizo, mama aliyefiwa. Asiyepata jibu hajui kama barua yake imefika, wala kama imedharauliwa.

Jibu la kujituma ni barua fupi unayoiandika mara moja kabla ya kuondoka. Kila anayekuandikia huipata papo hapo, bila wewe kushika simu.

Linavyofanya kazi

Ukitumia Gmail au Outlook ya kwenye intaneti, jibu hutumwa na kompyuta za kampuni yenyewe. Simu yako inaweza kuzimika, umeme unaweza kukatika mtaa mzima, na jibu litatoka tu. Lakini kama unasoma barua kwa programu iliyo ndani ya kompyuta ya ofisi, na umeipangia humo kanuni ya kujibu, kompyuta hiyo lazima ibaki imewashwa na ishikwe na intaneti. Kwetu si jambo la kutegemea. Panga jibu kwenye akaunti yenyewe. Vivyo hivyo, ujumbe wa kutokuwepo wa WhatsApp Business hautoki kama simu yako haina intaneti.

Jambo hili si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Eric Allman aliandika programu iliyoitwa vacation, iliyokumbuka nani ameshajibiwa ili isimrudilie kila siku. Katika mwaka 2004 wataalamu wa intaneti walitoa mwongozo kwamba mashine isijibu jibu la mashine nyingine. Bila hivyo, watu wawili walio katika likizo wangejaziana masanduku ya barua bila wenyewe kujua.

Hatua za Gmail

Kwenye kompyuta, fungua Gmail na ubonyeze alama ya gurudumu lenye meno, juu upande wa kuume, kisha uende kwenye mipangilio yote. Katika ukurasa wa «Général», shuka mpaka karibu na mwisho, kwenye sehemu ya jibu la kujituma. Liwashe, andika siku ya kwanza na siku ya mwisho, weka kichwa cha barua na maneno yako, kisha uhifadhi. Kwenye simu, fungua menyu ya Gmail, ingia katika «Paramètres», chagua akaunti yako, na utafute sehemu hiyo hiyo.

Usiache siku ya mwisho wazi, kwa sababu jibu litaendelea kutoka mpaka ulizime mwenyewe. Jua pia kwamba mtu akikuandikia mara nyingi, Gmail haitamjibu kila mara: kwa kawaida hupata jibu mara ya kwanza, na tena akiandika baada ya siku nne. Ukibadilisha maneno ya jibu, anaweza kulipata upya. Barua zilizotupwa kwenye takataka za matangazo hazijibiwi.

Katika Outlook ya kwenye intaneti, fungua mipangilio, kisha utafute «Réponses automatiques».

Baada ya kumaliza, omba mtu akuandikie kutoka adresi nyingine, uone jibu linavyofika. Fanya hivyo siku moja kabla ya safari, si pale bandarini.

Maneno ya kuandika

Musa alipopanda mlimani aliwaachia wazee maagizo: mwenye shauri awaendee Haruni na Huri (Kutoka 24:14). Aliwataja watu kwa majina. Lakini siku ya kurudi haikujulikana, na katika sura ya 32 tunaona watu walivyochoka kungoja na lililofuata. Kwa hiyo jibu lako liseme mambo manne: tangu lini mpaka lini hauko, nani anashika kazi, nani wa kupigiwa simu kwa jambo la haraka, na barua nyingine zitajibiwa lini. Mfano:

«Shalom. Asante kwa barua yako. Niko katika likizo tangu tarehe 10 mpaka tarehe 31 mwezi wa saba, na sitasoma barua pepe katika siku hizo. Kwa kazi za parokia, andikia ofisi kwa adresi hii: … Kwa msiba, ugonjwa au jambo lisiloweza kungoja, pigia mchungaji msaidizi kwa namba hii: … Barua nyingine nitazijibu katika juma la kwanza baada ya kurudi.»

Weka maneno hayo pia kwa Kifaransa chini yake, kwa ajili ya ofisi na washiriki wasiosoma Kiswahili. Ukitaja saa za kazi, andika «saa za Kisangani», maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Na kabla ya kutoa namba ya mwenzako, mwombe ruhusa, na uhakikishe kwamba atakuwa mjini.

Maneno ya kuacha

Usiandike unakokwenda, wala kwamba familia nzima imeondoka. Jibu hili linaweza kumfikia mtu usiyemjua, nawe utakuwa umemwambia kwamba nyumba ni tupu. Tena matapeli hupenda wakati mchungaji hayuko: hufungua adresi inayofanana na yake na kuwaandikia wakristo kwamba amekwama safarini, wamtumie pesa kwa simu. Tangazeni kanisani kabla ya likizo kwamba ombi lolote la namna hiyo lithibitishwe kwanza kwa sauti, kwa namba inayojulikana. Gmail pia inakuruhusu kuchagua jibu liwafikie tu walio katika orodha ya watu wako. Ukichagua hivyo, kumbuka kwamba mgeni mwenye shida hatapata kitu.

Kinachobaki kwa mtu

Mashine haiwezi kumfariji aliyefiwa. Kazi yake ni kumwonyesha mlango ambako kuna mtu, na kama namba uliyoandika haipokelewi, ni afadhali usingeiandika. Kwa hiyo maandalizi makubwa hayako kwenye simu: ni kukaa na mwenzako, kumkabidhi mambo yaliyo wazi, na kumwachia uhuru wa kuamua.

Ukirudi, zima jibu kama bado linatoka, kisha uanze na barua za wenye huzuni kabla ya zile za ripoti. Maneno «nitakujibu» ni ahadi, hata kama yalitumwa na mashine.

Bwana awape pumziko jema na safari ya amani.